Saa za Lampi

Kasongo, 12 Septemba 1955, Jumatatu

Bwana Lemmens amenipa daftari hili ili niandike kila siku lampi zimewaka kwa muda wa saa ngapi na ipi imekufa. Hayo nayaandika mbele. Kisha nimeligeuza, na huku nyuma naandika yangu. Bwana hasomi Kiswahili asipolazimika.

Jina langu la ubatizo ni Raphaël. Kwetu Lusangi, upande wa Kabambare, naitwa Bulaimu. Nilisoma kwa mapadri miaka mitatu, baba akafa, nikaenda kuchimba dhahabu Salamabila miaka tisa mpaka kifua kikakataa vumbi. Sasa nina miaka thelathini na minane na kazi yangu ni kuchunga vioo.

Nyuma ya duka la Bwana kuna nyumba ya matofali ambayo madirisha yake yamezibwa kwa magodoro na magunia. Watu wanaiita nyumba ya sauti. Wapiga gitaa wanaimba mbele ya mikro, mashine inaikamata sauti kwenye utepe wa rangi ya kahawia, utepe unapelekwa Ulaya, unarudi ukiwa santuri. Ndani ya mashine kuna lampi kumi na nne, vioo vidogo kama mayai ya kanga, vyenye nyuzi zinazowaka kama kaa linalotaka kuzimika. Bila lampi mashine ni bati tupu. Mimi ndiye ninayeziwasha nusu saa kabla ya mtu kuimba. Nazipangusa miguu kwa alikoli, nazishika kwa kitambaa kwa sababu jasho la vidole linaziharibu. Utepe siugusi. Utepe ni kazi ya Dominique, karani, mtu wa hapa hapa Kasongo, anayevaa soksi hata jua likiwaka.

14 Septemba

Mvua ya kwanza. Lampi saa tatu.

20 Septemba

Mvua siku sita mfululizo. Msimu uliopita unyevu uliua lampi tano, tena za akiba, zikiwa ndani ya maboksi yao hazijawahi kuwaka. Miguu iliota kutu ya kijani, karatasi zikaota ukungu. Lampi mpya inatoka Ulaya kwa meli, kwa treni, kwa lori, miezi mitatu. Bwana alipiga kelele kama vile mvua ni mimi niliyeinyesha.

Safari hii nimefanya kama kwetu. Kwetu mbegu za mahindi hazilali ghalani. Zinakaa kwenye uchaga juu ya meko msimu wote, zinakula joto, na mdudu hazigusi wala ukungu hauzioni. Nimefunga uchaga wa fito katika stoo iliyo nyuma ya mashine, chini yake nimeweka jiko la makaa, juu yake mikebe ya lampi. Usiku makaa yanalala chini ya majivu, asubuhi nayafufua. Leo nimezijaribu lampi zote za akiba. Zote nzima.

Bwana amegusa mkebe wenye joto akacheka. "Raphaël, wewe iko na akili."

Nimefurahi. Naandika kwamba nimefurahi, nisije nikajisingizia baadaye.

27 Septemba

Mjusi ameingia ndani ya mashine kutafuta joto. Ameungua, na lampi moja amekufa nayo. Saa tano na nusu.

3 Oktoba

Lori la Hemedi limeingia asubuhi likiwa na wanawake sita kutoka upande wa Kabambare. Bwana anataka nyimbo za wazee kwa ajili ya Mzungu mwenzake anayezikusanya. Hemedi ni mtoto wa Waungwana wa mji huu, babu zake walifanya biashara mpaka Nyangwe, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Ndugu Raphaël!" ameniita kutoka kwenye usukani. "Bibi zako ya kioo hawajambo? Leo nimekuletea mwanamuke ya kweli, lakini huyu iko anakuita mutoto!"

Mama yangu alikuwa anashuka kinyumenyume, anatafuta ardhi kwa kidole cha mguu. Miaka minne sijamwona.

"Bulaimu, umekonda. Hapa hawapike?"

"Wanapika, mama."

"Basi wanapika maji."

Ndani Dominique akamweka mbele ya mikro, akamwambia asikohoe wala asipige makofi. Mama akamtazama soksi. "Sasa mwimbo bila mikono, si ni kusoma barua?" Wanawake wakacheka, Dominique naye akajikuta anacheka.

Aliimba mwimbo wa kushusha mbegu. Kwetu siku ya kushusha mbegu wanaume wanatoka nyumbani. Mwanamke mmoja mzee anaongoza, wengine wanaitikia. Maneno ya kuongoza ni mengi, hayashikwi kwa kusikia mara moja kwa mwaka; anayajua huyo mmoja tu, naye anamwachia binti mmoja. Mbegu isiyoimbiwa inapandwa, ndiyo, lakini hakuna mwanamke wa kwetu atakayekula mavuno yake bila kuona haya. Mimi mwimbo huo nimeusikia maisha yangu yote kutoka nyuma ya ukuta, maneno yakija nusu nusu. Leo nilikuwa chumba kimoja naye kwa sababu ya lampi, nikamgeuzia mgongo kwa heshima. Nilitazama ile lampi ya kijani tunayoiita jicho. Mtu akiimba kwa nguvu, jicho linafumba. Wapiga gitaa hulifumbisha nusu. Mama alilifumba lote.

Bwana alipomrudishia sauti yake, mama alisikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni. Kisha akasema, "Huyu mwanamuke iko anajua. Ni wa wapi?"

4 Oktoba

Wameondoka na Hemedi. Kabla ya kupanda, mama ameniuliza, "Ile sauti yangu itakaa mule?"

"Itakaa, mama."

"Nani anaichunga?"

Ningeweza kusema Dominique, ndiyo kweli. Nimesema, "Mimi."

"Basi ni vizuri. Subira, dada yako, kila mwaka ananisumbua, mama nifundishe, mama nifundishe. Na mimi meno iko yanaisha, maneno yanapitia mu mapengo. Sasa atakuja kuisikia hapa. Mashini haichoki."

11 Oktoba

Mvua. Saa mbili.

19 Oktoba

Mvua. Kifua kinaniuma. Makaa mabichi.

31 Oktoba

Utepe mpya haujafika. Bwana ameamuru nyimbo zisizouzika zifutwe, ziimbwe nyingine juu yake. Mzungu wa nyimbo za wazee amechagua mbili tu kati ya zile za wanawake. Wa mama ameukataa kwa sababu mwanzoni kuna kikohozi. Dominique ameandika orodha kwa mwandiko wake mzuri: magurudumu tisa ya utepe ya kufutwa. La mama ni namba thelathini na moja. Juu yake ataimba kijana wa gitaa anayesifu sabuni.

Dominique hakunitazama alipokuwa anaandika. Anajua ni mama yangu. Alicheka naye. Na gurudumu lenyewe analiweka wapi? Kwenye rafu ya chini kabisa, penye ukuta wa baridi, kama kitu ambacho hakina mwenyewe. Lampi za Bwana zinaota moto na sauti ya mama inalala penye baridi.

Alipotoka kwenda kula nimelichukua. Nimelitia ndani ya mkebe wa biskuti, nimeupandisha kwenye uchaga, nyuma kabisa, pale penye joto zuri kuliko pote.

9 Novemba

Dominique amenijia nikiwa napangusa lampi.

"Raphaël, namba thelathini na moja iko wapi?"

"Mimi ni mtu wa lampi, karani."

Amenitazama mikono, kisha mlango wa stoo. "Sawa," akasema, akaenda zake.

Sipendi ile sawa yake. Mtu anayesema sawa hivyo anakwenda kwa Bwana.

14 Novemba

Bwana hajaniita. Dominique ananisalimu kama kawaida. Sijui anangoja nini. Nimeacha kula naye pale ukumbini. Saa nne.

24 Novemba

Hemedi amefika, lori limejaa matope mpaka kwenye vioo. Hakutania, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. Mama ni mgonjwa wa kifua, hali chakula, ananiita.

Nimekwenda kwa Bwana nikavua kofia, nikaomba ruhusa.

"Siku ngapi?"

"Kumi na nne, Bwana. Mto Luama umejaa, baki ya kuvusha magari haivuki. Nitatembea."

"Tarehe kumi na saba ya mwezi ujao Komiseri wa serikali anakuja kusema maneno mu mikro. Nani atachunga lampi zisikufe kabla ya siku ile?"

"Dominique anaweza kutia makaa, Bwana."

"Dominique hajui lampi. Msimu uliopita tano zilikufa. Msimu huu moja tu, ya mjusi. Wewe iko mutu ya maana hapa, Raphaël."

Sijawahi kusifiwa hivi tangu nizaliwe. Bila karatasi yake ya ruhusa nikikamatwa njiani nalala jela, na jela haimfikishi mtu kwa mama yake. Nimerudi stoo, nimetia makaa. Ujinga wangu ni uchaga ule. Ningeziacha zife kama zamani, leo ningekuwa mtu asiye na maana, niko njiani.

Dominique alisikia yote, meza yake ipo mlangoni. Aliendelea kuandika.

28 Novemba

Mvua. Saa sita. Zote nzima.

6 Desemba

Mama amekufa. Alikufa tarehe mosi, amezikwa siku hiyo hiyo. Hemedi alipewa habari na watu waliovuka kwa mtumbwi. Alikuja kuniambia akiwa amevua viatu, akaketi nami kwenye magunia.

Kisha akaniambia maneno yaliyotumwa na Subira. Siku ya mwisho alimwomba mama mwimbo. Mama akasema: usinichoshe, sauti yangu iko Kasongo, Bulaimu anaichunga.

7 Desemba

Nimewasha lampi saa mbili asubuhi kama kawaida. Kijana wa sabuni alikuwa na mafua, ameimba mara kumi na moja. Dominique amekuja, amesema, "Pole, Raphaël." Nimempa mgongo.

Nimeugusa ule mkebe wa biskuti. Una joto. Sikuufungua. Mbegu hazifunguliwifunguliwi.

8 Desemba

Mvua.

9 Desemba

Mvua.

17 Desemba

Komiseri amefika na gari mbili na mkewe mwenye mwavuli mweupe. Amesema juu ya pamba, barabara na usafi wa vijiji. Dakika nane. Jicho la kijani halikufumba hata robo. Amempongeza Bwana kwa mashine yake, Bwana akasema unyevu ni suala la mpangilio tu. Mimi nilikuwa stoo, niliambiwa nisionekane kwa sababu ya kikohozi changu.

Dakika nane hizo ndizo zilizokula siku zangu kumi na nne.

25 Desemba

Noeli. Wenzangu wamekwenda misa. Mimi nimekaa na makaa. Lampi hazikuwaka.

12 Januari 1956

Hemedi ameleta maneno. Mahindi yamevunwa, Subira amekwisha tundika mbegu mpya juu ya meko ya mama. Anasema kuitikia anajua, kuongoza hajui. Wanawake wa kwetu wanamtazama. Baki ikianza kuvuka atakuja, na atakaa mbele ya mashine mpaka maneno yote yaingie kichwani, hata kama ni siku tatu.

Nimemjibu aje. Kuuchunga utepe ule ndicho kitu kimoja tu nilichokifanya vizuri msimu huu.

21 Januari

Subira amefika, miguu imevimba. Ana sura ya mama kuanzia pua kwenda chini. Ameniletea unga na kipande cha kitambaa cha mama. Bwana yuko Nyangwe kuwinda viboko mpaka Jumanne. Kesho Jumapili, duka limefungwa, ufunguo wa stoo ninao.

22 Januari, Jumapili

Nimewasha motere ya umeme saa nne asubuhi. Lampi zote kumi na nne zimewaka bila kusita. Nimempa Subira kiti alichokalia mama.

"Yaya, kaka yangu, hivi vyote ndivyo vilikuzuia kuja kuzika?"

"Ndiyo."

"Iko vizuri," akasema. Sijui alimaanisha nini. Vilikuwa vinang'aa kweli.

Nimeushusha mkebe wa biskuti kutoka kwenye uchaga. Nimeufungua mbele yake. Utepe, uliokuwa laini kama mshipi wa hariri, ulikuwa umejipinda mawimbi mawimbi, kingo zimekunjamana kama ganda la muhindi mkavu. Nikajiambia ni sura tu. Nikavuta ncha kuupitisha kwenye mashine, kama nilivyomwona Dominique akifanya mara mia. Ukakatika. Nikavuta tena. Ukakatika kama jani la tumbaku, bila hata kelele.

Subira akauliza, "Utepe ndivyo unavyofanyaga?"

Nikamwambia anisubiri. Nikakimbia, mimi na kifua changu, mpaka kwa Dominique, mtu ambaye sijala naye tangu Novemba. Alikuwa barazani na mkewe Albertine, wanachambua mchele. Hakuwa na soksi. Nilisema tu, "Thelathini na moja." Akainuka, akachukua makasi na gundi yake ya kuungia utepe.

Alipouona utepe aliketi chini. Akaunusa.

"Uliuweka wapi?"

"Juu ya uchaga. Na lampi."

"Miezi yote hii? Juu ya moto?"

"Unyevu ungeuharibu."

"Raphaël, lampi inapenda joto. Utepe hauwezi joto. Unakauka, unakufa. Ndiyo maana mimi ninaweka chini, penye ukuta wa baridi." Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilijua utamwambia Bwana."

"Bwana? Tangu Novemba nimeandika mu orodha: thelathini na moja, imekatika, imetupwa. Bwana alitia sahihi. Mimi nilifikiri umeipeleka kwenu, nikasema moyoni, afadhali."

Subira alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kama mbegu?" akaniuliza. "Uliuweka kama mbegu?"

"Kama mbegu."

Akafumba macho. "Mama naye angeweka pale pale," akasema.

Dominique alifanya kazi mpaka jua likaanza kushuka, ameinama, anaunga vipande vifupi kuliko kidole. Kila alichounga kilikatika penginepo. Rangi ya kahawia ilibaki vidoleni mwake kama unga. Mwishoni alipata kipande kimoja cha mwanzo kabisa, urefu wa hatua moja na nusu ya mtu. Akakiongoza kwa mkono kuingia kwenye mashine, taratibu. "Sikilizeni, hiki hakitapita mara mbili."

Kilikuja kikohozi. Kile kikohozi walichoukatalia mwimbo. Kisha mama, karibu kama vile yuko nyuma ya pazia:

*Shuka, wewe uliyelala penye joto —*

Jicho la kijani likafumba lote. Subira, bila kuambiwa, kwa sauti ile ile, akaitikia: *Tumekuja, tumenawa mikono.* Akanyamaza, kichwa amekiinamisha, anangoja neno linalofuata kama anavyongoja mwitikiaji.

Utepe ulikuwa umekatika. Gurudumu lilizunguka tupu, ncha yake ikipiga bati, tap, tap, tap. Jicho lilifumbuka, likabaki wazi, linatutazama. Subira aliendelea kungoja. Dominique ndiye aliyenyoosha mkono akaizima mashine. Mimi sikuweza.

23 Januari

Subira amelala siku nzima, au amejifanya. Dominique ameleta samaki wa Lualaba na kula nasi. Karani huyu nimemwandika vibaya kurasa nyingi humu. Sizifuti. Zikae zinisute.

24 Januari

Nimemsindikiza Subira kwenye lori. Hemedi amemweka mbele, upande wa dirisha.

"Septemba utafanyaje?" nimemuuliza.

"Nitasema lile neno moja. Wataitikia. Kisha tutanyamaza, tutashusha." Akanifunga kitufe cha shati, kama mama. "Kuja kwetu, yaya. Hapa unachunga nini?"

Mkataba wangu unakwisha Juni. Nimemwambia nitakuja. Lori lilipokata kona nimerudi, kwa sababu Bwana amekwisha fika kutoka Nyangwe na kijana wa sabuni ana wimbo mpya.

Uchaga sikuuvunja. Bwana ameukagua, amefungua mikebe, ameridhika. Nimegeuza daftari nikaandika mbele, mahali pake: leo saa nne na robo. Jumapili sikuiandika, kwa hiyo naiandika hapa. Tarehe 22 lampi zimewaka kwa saa saba. Zote kumi na nne nzima.